Mwanamume Aliyebaki Nyumbani Bukiriro

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Biharamulo, nikibishana na mwenye duka kuhusu bei ya misumari ya bati. Aliyenipigia simu ni katekista wa kigango cha kwetu Bukiriro, mtu asiyependa kuzungusha maneno. Aliniambia kwamba jirani yetu amefariki hospitalini alfajiri hiyo, presha ilipanda ghafla, na kwamba tunazika keshokutwa. Nililipa misumari kwa bei aliyoitaka mwenye duka, nikarudi nyumbani kufunga mfuko wa safari. Ndani ya gari la kwenda Ngara nilikaa karibu na dirisha nikiwa nimejiandaa kuhuzunika, na kwa kweli nilihuzunika, lakini kila nilipomkumbuka nilijikuta natabasamu, hadi abiria wa jirani akaniuliza kama naenda harusini.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mnajua kwamba siandiki mara kwa mara juu ya waliofariki, kwa sababu wafu wetu wakishazikwa wote hugeuka watu wema kupita kiasi, na mimi huishiwa la kusema. Huyu hakuwa mwema kupita kiasi. Alikuwa mbishi, alikuwa msiri, na aliwahi kumhadaa mkewe kwa miezi mingi akitumia ukuta mmoja tu. Jina lake sitalitaja, maana hakupenda kusemwa na alisemwa sana. Lakini katika miaka hii ambapo karibu kila kaya ina mtu wake aliyekwenda mbali kutafuta, sijamwona mwingine aliyenifundisha kama yeye maana ya kuwa yule anayebaki.

Ilianza na migomba. Wale waliokuwa wakilima Ngara ule mwaka ambao mnyauko uliingia kwenye mashamba yetu watakumbuka jinsi migomba ilivyonyauka ikiwa imesimama, mikungu ikiiva upande kabla ya kukomaa. Shamba lake lilikwisha karibu lote. Alikuwa na mke na watoto watatu, mdogo akiwa bado hajafikisha umri wa shule, na ardhi ya kwetu, kama mnavyojua, ni ya vilima na imegawanywa baba kwa mwana hadi imebaki vipande. Binamu wa mkewe aliyekuwa Dar es Salaam akaleta habari kwamba kuna wakala anayepeleka watu kufanya kazi za nyumbani Oman. Marehemu alisema yuko tayari kwenda. Binamu akamjibu kwamba wanaotakiwa ni wanawake. Wakakaa na jambo hilo kwa wiki kadhaa, wakaomba ushauri kwa padri, wakaomba kwa wazazi, na mwishowe mke ndiye aliyesema, "Mimi naenda. Wewe utabaki na watoto."

Siku ile mke wake alipoondoka, Bukiriro nzima iligeuka kuwa ya watabiri. Wapo waliosema pesa ya kwanza ikifika tu jamaa atahamia kwenye pombe ya ndizi moja kwa moja. Wengine walimpa mwaka kabla ya kuoa mke wa pili, na kuna mzee mmoja aliyesema kwa uhakika kabisa kwamba watoto watahamishiwa kwa bibi yao kabla mvua hazijaanza. Hakuna aliyetabiri kwamba mwanamume mwenye mabega mapana, aliyekuwa akibeba magunia ya kahawa peke yake, angefunga mtoto mgongoni kwa kanga na kwenda naye kliniki.

Alikwenda. Na kwa kuwa hakumweleza mtu, muuguzi mmoja mgeni alipomwona amekaa kwenye benchi katikati ya akina mama, akiwa na mtoto na kadi yake, alifikia uamuzi wake mwenyewe. Alimpa pole kwa sauti ya chini. Akina mama nao waliokuwa wametoka vijiji vya mbali na hawakumjua wakampa pole. Mmoja akachangisha, na kabla mtoto hajapimwa uzito marehemu alikuwa amewekewa mapajani sabuni, sukari na mkungu mdogo wa ndizi. Alinisimulia kwamba alikaa navyo kwanza, akijaribu kuelewa kosa liko wapi, kisha akasimama na kuwaambia, "Asanteni sana, lakini mke wangu hajafa. Yuko kazini tu." Walicheka hadi muuguzi akalazimika kusimamisha kazi. Tangu siku hiyo walimtunzia nafasi kwenye benchi, na wengi wao walikuwa marafiki zake hadi mwisho.

Kupika alijifunza kwa njia ngumu zaidi. Zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali nyumbani kwake ilipofika, nami nikiwa nimekwenda likizo, wanawake walijitolea kuja kumpikia, naye akakataa. Alipika ndizi na maharage yeye mwenyewe, akatia chumvi, akasahau, akatia tena, na nadhani alisahau kwa mara nyingine. Katekista yuleyule aliyenipigia simu ya msiba alionja kijiko kimoja, akaweka sahani chini, akatangaza kwamba sala ya kufunga tutaisali mapema kwa sababu ya dalili za mvua. Mbingu hazikuwa na wingu hata moja. Lakini mtu yule hakuona aibu ya kuuliza. Alikwenda kwa jirani mmoja baada ya mwingine, akauliza namna ya kuunga maharage kwa karanga, namna ya kumlisha mtoto anayeumwa, namna ya kujua uji umeiva. Baada ya miaka miwili wanawake walewale ndio waliokuwa wakimuuliza yeye anafanyaje maharage yake yanakuwa mazito hivyo.

Sasa nije kwenye ukuta. Mkewe alikuwa akituma pesa kila alipolipwa, naye alizipokea kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu pale senta. Makubaliano yalikuwa wazi: ada na sare za watoto, chakula, na zinazobaki ni za nyumba. Si nyumba tu, bali nyumba ya vyumba vingi, yenye baraza pana mbele na nguzo za mviringo, kama zile alizoziona huko alikofanya kazi. Marehemu alichimba msingi, akafyatua na kuchoma matofali, akapandisha kuta hadi usawa wa madirisha. Jumapili baada ya misa alipanda kilima cha nyuma ya kanisa ambako mtandao unashika vizuri, wakaongea kwa simu ya video, kisha akashuka hadi kiwanjani kumwonyesha kazi ilipofikia, picha ikikatikakatika.

Mahali fulani katikati ya safari hiyo ujenzi ulisimama. Simu hazikusimama. Jumapili moja alimwonyesha mkewe ukuta wa mashariki akiwa amesimama nje. Iliyofuata alimwonyesha ukuta huohuo akiwa ndani. Kisha akauonyesha akiwa amechuchumaa, ili uonekane mrefu. Mkewe aliniambia baadaye kwamba alianza kushuku alipoona majani yameota juu ya rundo la matofali, marefu, yametoa hadi maua, na mumewe akiyasukuma kwa mguu yasiingie kwenye picha.

Mimi nilijua pesa zilikuwa zinakwenda wapi, kwa sababu miaka hiyo nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Nyamigogo, upande huu wa Biharamulo ambako ardhi bado ni pana. Karibu kila wiki marehemu alikuwa akishuka kwenye gari, anakuja kwangu kunywa chai, kisha anaendelea na bodaboda hadi kwenye shamba alilolinunua. Lilikuwa shamba kubwa kwa macho ya mtu wa Ngara. Alilipata kwa mama mmoja mjane wa Kiislamu, mwenyeji wa siku nyingi ambaye wanawe walikuwa wamehamia Mwanza na hakuweza kulilima lote. Mama huyo alimpa chumba cha kuwekea majembe na alikuwa akimwangalizia miche ya kahawa. Nilimuuliza kwa nini hamwambii mkewe. Akasema atamwambia shamba likianza kutoa. Nikamwambia hilo si jambo la kungojea. Akamaliza chai yake, akabadilisha mazungumzo.

Kijijini watu waliona nusu ya jambo na kujaza nusu iliyobaki. Waliona nyumba imesimama. Waliona mwenye nyumba anapanda gari kila wiki na kurudi jioni akiwa na furaha. Kisha mtu mmoja aliyepita Nyamigogo akamwona amekaa barazani kwa mwanamke, anakula mihogo. Habari hiyo ilisafiri haraka kuliko gari. Shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, alimrekodia dada yake ujumbe wa sauti na kuutuma Oman: nyumba imekufa, pesa zinaliwa Nyamigogo, na mwanamke anajulikana hadi nyumba yake.

Mkataba wa mkewe ulikuwa unakaribia kwisha. Hakumjibu kaka yake, wala hakumgusia mumewe. Alimaliza muda wake, akapanda ndege, akapanda basi kutoka Dar es Salaam, na badala ya kwenda nyumbani moja kwa moja akashukia Biharamulo. Asubuhi moja, tukiwa tunatoka mapumziko ya saa nne, nilimwona amesimama kwenye mlango wa ofisi ya walimu, begi kubwa miguuni, kilemba kipya kichwani, uso umetulia kwa namna ambayo haikunipa raha. Nilimkaribisha kiti. Akasema atakaa siku nyingine.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa nyumbani," alisema. "Leo ndiyo siku ya mume wangu kuwa huku. Nipeleke alipo."

Nilimwomba ruhusa mwalimu mkuu, nikaita bodaboda mbili. Njiani niliwaza niseme nini, na nikaona kwamba lolote nitakaloanza kulisema litaonekana ni la kumtetea rafiki. Tulipofika tulimkuta mjane amekaa barazani akimenya mihogo. Alikuwa mtu mzima sana, macho yake yameanza kufifia, mgongo umepinda kidogo. Yule mama aliyekuwa amesafiri kutoka ng'ambo ya bahari akiwa na maneno yake yote tayari alisimama, akamtazama, na malezi yake yakamshinda.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mjane alinitazama mimi, akamtazama tena yeye, akaweka kisu chini. "Ni huyu? Karibu, mwenye shamba. Kila siku mume wako anatuambia mwenye shamba yuko safari, tusikate mti wowote mpaka aje achague mwenyewe."

Marehemu alitokea nyuma ya nyumba akiwa na ndoo ya maji. Alipomwona mkewe aliiweka ndoo chini polepole, kama mtu anayeweka mayai. Nilitaka kuondoka, mkewe akanizuia kwa mkono, nikabaki. Alianza yeye. Alisema amefua nguo za watu, amelea wazee wa watu, amesherehekea Krismasi akiwa jikoni kwa watu, na kila shilingi aliyotuma aliituma akiiona nyumba. Marehemu akajibu kwamba anajua.

"Kama unajua, kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi ningekataa," mkewe akasema. "Ndiyo maana ya kuulizwa."

Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii. Marehemu hakuyabishia, naye alikuwa bingwa wa kubisha. Alikaa juu ya gogo, akasema yaliyokuwa moyoni kwa mara ya kwanza. Alisema aliangalia nyumba ile ikipanda, akaona kwamba ikiisha itataka bati bora, kisha milango, kisha umeme, kisha makochi, na kila kimoja kitamtaka mkewe asaini mkataba mwingine. Alisema mtoto wao mdogo alikuwa ameanza kumwita mama yake "yule wa kwenye simu". "Nyumba inaweza kujengwa ukiwa mbali," alisema. "Shamba haliwezi. Nilitafuta kitu ambacho hakitaendelea bila wewe kuwepo."

Mkewe hakulia wala hakumkumbatia, wasomaji wangu. Hatukuwa kwenye sinema. Alivua kilemba kipya, akakikunja, akakiweka juu ya begi, kisha akatembea hadi mpakani mwa shamba na kulizunguka lote, mumewe akimfuata kwa mbali. Tulibaki mimi na mjane tukiwatazama. Walipokuwa wanarudi tulimsikia akiuliza ni nani alipanda maharage kwa mistari iliyobanana namna ile, maana hakuna mtu mwenye akili anayepanda hivyo. Mjane akachukua kisu chake, akaendelea kumenya mihogo, akaniambia, "Wamepatana hao."

Hawakupatana upesi kiasi hicho. Nilisikia kwamba walibishana karibu mwezi mzima, na kwamba padri aliitwa, akasikiliza pande zote mbili, akasema mama ana haki na baba ana hoja, kisha akawaachia wenyewe. Mama ndiye aliyeamua. Alirudi Oman kwa mkataba mmoja zaidi, safari hii kwa hiari yake na kwa kikomo alichokiweka mwenyewe. Alifuta vyumba viwili kwenye ramani na nguzo zote. Na kila pesa ilipofika, marehemu alipanda kilima cha nyuma ya kanisa kabla ya kuitumia, wakajadiliana hadi bando likaisha. Nyumba ikaezekwa. Kahawa ya Nyamigogo ikaanza kuzaa. Mama aliporudi moja kwa moja, mtoto mdogo alimkimbilia barabarani, na jina la "yule wa kwenye simu" likabaki kuwa utani wa familia.

Walilima pamoja miaka mingi. Mama akawa mkulima mkubwa, anauza maharage kwa wafanyabiashara wa pale Kabanga, mpakani na Burundi, na kujua bei za upande wa pili wa mpaka kabla hata madalali hawajazijua. Marehemu aliendelea kupika. Mkewe alimwambia anaweza kupumzika sasa, akasema hapana, yeye ameshazoea jiko na jiko limemzoea.

Nilikuwa nikiwatembelea wakati wa mavuno, na huko ndiko nilikoona jambo lililonifumbua macho. Vibarua wao wengi walikuwa vijana kutoka Burundi. Wakishalipwa, wengi wao walichukua kidogo cha matumizi na kilichobaki kikaenda nyumbani kwao kwa kupitia Kabanga. Sisi tulizoea kuiona Uarabuni, Dar es Salaam na Mwanza kuwa ndiko watu wanakokwenda kutafuta. Kumbe kwa mtu wa upande ule wa kilima, Nyamigogo ndiyo ng'ambo. Marehemu alilifahamu hilo kabla yetu. Siku ya malipo hakuwauliza watapeleka kiasi gani. Aliwauliza nani atakipokea. Kama ni mke, aliuliza jina lake, na mwaka uliofuata kijana yuleyule aliporudi alimuuliza huyo mke hajambo, na zile bati alizinunua au alionelea mbuzi kwanza.

Tunapozungumza juu ya pesa zinazotumwa nyumbani, tunamtazama mtumaji peke yake. Ndiye tunayemsifia kanisani, ndiye tunayempokea stendi kwa vigelegele, na anastahili, maana anaacha usingizi wake na watoto wake. Anayepokea tunamtazama kwa jicho la polisi. Tunahesabu chupa zake na safari zake. Ni kweli wapo wanaokula pesa za wenzao bila haya, nami nawafahamu baadhi yao kwa sura. Lakini ada haijilipi yenyewe, mtoto hajipeleki kliniki mwenyewe, na ukuta haupandi kwa sababu tu mtu fulani Muscat amebonyeza simu. Kuna mtu anayebaki na kuzigeuza pesa hizo kuwa maisha, tena akiwa hana mwajiri, hana likizo, na mashahidi wake wote ni majirani wanaongoja aanguke.

Mazishi yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia. Lile benchi la akina mama wa kliniki lilikuja lote, sasa wengi ni bibi. Mjane wa Nyamigogo hayupo tena duniani, lakini mwanawe alikuja kutoka Mwanza. Wanaume wa jumuiya walijitokeza jikoni kupika chakula cha waombolezaji, bila kuombwa, na walikipika vizuri. Baada ya mazishi nilikwenda kumuaga mama. Aliniambia kwamba binti yao mkubwa amepata kazi Qatar na anaondoka baada ya matanga, na kwamba mkwe wake atabaki na mtoto. Nilimuuliza amewaambia nini. Akasema yeye hakumpa binti ushauri mwingi, maana anayekwenda hushauriwa na kila mtu. Alikuwa amekaa na mkwe wake, siku mbili mfululizo, akimweleza marehemu alifanyaje, pamoja na yale aliyoyakosea.

Basi na mimi nawaombeni, ninyi mnaosoma safu hii mkiwa Dar, mkiwa Mwanza, mkiwa nchi za watu. Ukituma pesa nyumbani, piga simu baadaye. Usiulize tu kama zimefika. Muulize aliyezipokea ameamkaje, na kazi uliyomwachia inakwendaje. Na wewe uliyebaki, kabla hujaitumia ile pesa, hata kama una hakika kabisa kwamba wazo lako ndilo bora, muulize aliyeituma. Anaweza kukataa, na akikataa mjadiliane, kwa sababu mwenzako hakuondoka nyumbani ili aache kuwa mtu wa nyumbani.